Mama Kwingine Anastaafu, Swali Lake Mmelitupa Wapi?

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha fiziotherapia katika chuo hiki, Mama Kwingine anarudisha funguo za chumba ambacho si chake tena. Tumekusanyika kumuaga. Viti vimefunikwa vitambaa, kipaza sauti kimejaribiwa mpaka kimetuumiza masikio, na ofisi imeniomba mimi, mwenzake wa siku nyingi na msimamizi wa mafunzo ya wodini, niandike kurasa hizi kwa ajili ya programu ya sherehe. Niliambiwa ziwe fupi na za kufurahisha. Ufupi umenishinda. Furaha nimeitia pale ilipoingia, lakini nina hasira, na sioni sababu ya kuificha katika sherehe ya mtu ambaye hakuwahi kuficha yake. Walioomba kuzisoma kabla hazijachapwa wanisamehe. Nilizipeleka moja kwa moja kwa mpiga chapa.

Mama Kwingine alianzia wodi ya mifupa, akiwafundisha kutembea upya watu ambao ndugu zao walikuwa wameshaanza kuwazungumzia kwa sauti ya chini. Alikuwa mwembamba wakati ule, mwenye viatu vya raba na sauti iliyofika hadi jikoni kwa wapishi. Chuo kilipomwomba aje kufundisha alikubali shingo upande, kwa kuwa alisema hataki kuishi na chaki mbali na wagonjwa. Akaipata njia ya kukwepa hilo: aliwaleta wagonjwa darasani na akalipeleka darasa wodini, hata watunza ratiba wakachoka kumfuatilia. Amefundisha anatomia, mazoezi ya viungo na huduma kwa waliopooza. Wakuu wa idara katika hospitali nyingi walipita mikononi mwake, na ukiwauliza wanachomkumbukia, hakuna hata mmoja atakayeanza na anatomia.

Watakumbuka swali. Jina lake halisi limo kwenye kadi ya mwaliko, ila humu ndani tangu zamani ni Mama Kwingine, jina alilopewa na wanafunzi kwa sababu ya maneno manne aliyotaka yasemwe kabla mkono haujamgusa mgonjwa: "Na kwingine umekwenda wapi?" Maana yake ni umetibiwa na nani mwingine kabla yetu. Kwa mkandaji? Kwa mganga wa mifupa? Umepigwa vikombe vya hijama, umechomwa sindano za kutuliza maumivu za bwana fulani wa ghorofani, umepakwa majani na shangazi? Katika mtihani wake wa vitendo, mwanafunzi aliyegusa kabla ya kuuliza alipata sifuri hata kama mikono yake ilikuwa ya dhahabu. Wapo waliolia. Hakuwabembeleza, aliwapa tarehe ya kurudia.

Swali hilo lina chanzo, na chanzo chenyewe kinanikera mpaka leo. Alipokuwa bado mgeni katika ualimu, alikuja mshonaji wa nguo ambaye mgongo wake ulikuwa umekamata kwa kuinamia cherehani. Mwanafunzi aliyepangiwa kumhudumia alifanya kila alichofundishwa: alimlaza kifudifudi, akamwekea taa ya joto, akatega saa. Hakuwa amefundishwa kuuliza. Asubuhi ile mshonaji alikuwa amepakwa mgongoni mafuta yenye pilipili, akayafuta kabla ya kuja ili tusisikie harufu, na joto likayaamsha yale yaliyobaki kwenye ngozi. Ngozi ikababuka. Mwanafunzi akapewa onyo, na mshonaji akafokewa na watu wazima watatu waliomzunguka kitandani, kila mmoja akitaka kujua kwa nini hakusema.

Jibu la mshonaji Mama Kwingine amelirudia mbele ya kila darasa tangu siku hiyo. "Ningesemaje? Mara ya kwanza nilisema, mkaniambia nirudi hukohuko kwa waganga wangu, tena mbele za watu. Leo nimenyamaza, mnanifokea kwa kunyamaza." Wale watatu wakaondoka wakitikisa vichwa. Mama Kwingine akabaki, akamsafisha mgongo kwa maji baridi, akavuta kiti, akamwuliza taratibu amepakwa nini, na nani, na kwa nini alimwendea huyo badala yetu. Mshonaji akajibu yote. Hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza kwa sauti ya kawaida.

Kutoka kwenye kile kiti ndipo lilipozaliwa somo la Tiba Mbadala na Mgonjwa Wetu, baada ya Mama Kwingine kugonga milango ya wakuu wa chuo mpaka wakachoka kumwona. Nataka hili lisomwe polepole na wale wanaopaswa kulisoma: halikuwa somo la uganga. Hakuna mwanafunzi aliyetoka mle anajua kupiga hijama wala kuchemsha mizizi. Walitoka wanajua kuuliza mambo matatu juu ya kila tiba inayoletwa mbele yao: inaweza kumdhuru nani, imepimwa vipi, na mgonjwa anapata nini kule ambacho kwetu hakipati. Hilo la tatu ndilo lililowaudhi wakubwa. Jibu lake mara nyingi lilikuwa aibu tupu: kule mgonjwa anapewa muda, anaguswa bila haraka, na anaitwa kwa jina lake.

Somo lilifundishwa katika chumba cha mwisho, ukishapita fito za kujifunzia kutembea, mahali anapokaa Mzee Mkavu, ile mifupa ya plastiki iliyokosa kiganja. Katikati palikuwa na meza aliyoiita Meza ya Majigambo. Kila mwanafunzi alitakiwa kuleta kitu kinachouzwa mtaani kwao kwa ajili ya maumivu, na meza ikajaa: bangili za sumaku, soli za viatu zenye vinundu, chupa ya soda yenye mafuta yanayotibu kuanzia kisigino hadi wivu. Siku moja alikuja muuzaji wa mkanda unaotetemeka, aliyedai unanyoosha mgongo uliopinda. Mama Kwingine alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwomba aanze na Mzee Mkavu, ambaye mgongo wake umepinda tangu anunuliwe. Darasa lilivunjika mbavu. Muuzaji mwenyewe alicheka, akaufunga mkanda wake, akaaga vizuri.

Asidhani mtu kwamba alikuwa anawaonea wa nje peke yao. Wiki iliyofuata aliiweka juu ya Meza ya Majigambo ile mashine yetu ya kutibu maumivu kwa mawimbi ya sauti, fahari ya chuo, akawataka wanafunzi waiulize maswali yaleyale matatu. Msimamizi wa stoo alikuja mbio akaichukua, akisema haikuazimwa ili itukanwe. Tumemtania kwa hilo miaka yote, lakini hoja ya Mama Kwingine haikuwa utani. Alisema anayetaka ushahidi kwa jirani yake na autake pia nyumbani kwake.

Naye nyumbani alianza. Mama mkwe wake alikuwa mkandaji, na benchi la wagonjwa lilikuwa kwenye korido ya nyumba yao, hivyo kila jioni bwana wa nyumba alirudi kutoka kazini akakuta mke na mama yake wanabishana juu ya miguu ya majirani. Siku moja Mama Kwingine alimkuta bibi huyo anajiandaa kumkanda mwanamke ambaye shavu la mguu mmoja lilikuwa limevimba ghafla, lina joto, mguu mwingine mzima. Alimshika mikono. Akamweleza kwamba mguu wa namna hiyo unaweza kuwa na damu iliyoganda ndani, na ukiukanda damu hiyo inaweza kusafiri ikaziba mapafu. Bibi alinuna, hakusema naye mpaka chakula cha jioni. Ila mwanamke yule alipelekwa hospitali, akatibiwa, akarudi kushukuru, na tangu hapo bibi alikuwa akigeuza miguu ya watu upande kwa upande kuilinganisha kabla hajatia mafuta. Naye alimpa mkwewe kitu: alimfundisha kwamba mgonjwa mwenye hofu haanzwi kuguswa palipo na maumivu, huanzwa mahali pazima, mkono ukae mpaka atulie. Yote mawili yaliingia kwenye somo. Nimeyaona yakifanya kazi wodini kwangu mara nyingi mno.

Mganga wa mifupa wa soko la chini ndiye aliyemtoa jasho kuliko wote. Alikuwa akifunga mikono iliyovunjika kwa vibanzi na vitambaa, anakaza kwelikweli, na tulikuwa tukipokea watoto wenye vidole vyeusi. Wenzangu walitaka polisi. Mama Kwingine alimwendea, akatukanwa, akarudi, akatukanwa tena kwa adabu kidogo, mara ya tatu akapewa kigoda. Hakumwomba aache kazi, kwa sababu alijua hataacha. Alimwomba aziache ncha za vidole nje, abonyeze kucha na kuangalia kama wekundu unarudi, na usiporudi afungue kila kitu na amlete mtoto kwetu papo hapo. Yule bwana akaja darasani kuwaonyesha wanafunzi anavyofanya, na wanafunzi wakamwonyesha picha za eksirei ambazo hakuwahi kuziona. Sisemi sasa anatibu vizuri. Nasema sasa anawaleta mapema, na wapo watoto wanaoandika kwa mikono ambayo ingekatwa.

Sasa niseme lililonifanya nishindwe kuandika kurasa za kucheka tu.

Mwanzoni mwa muhula huu kamati ya mitaala ilikutana na kulifuta somo la Tiba Mbadala na Mgonjwa Wetu. Mama Kwingine hakuitwa. Sababu iliyosomwa ni kwamba somo halina hadhi, na kwa kuwa mwalimu wake anastaafu, huu ndio wakati mzuri. Mkuu wa mafunzo alieleza kwa upole wote kwamba chuo hakiwezi kuonekana kinafundisha uganga. Nilikuwepo. Nilipinga, nikaambiwa nimesikika, na nyote mnajua maana ya kuambiwa hivyo.

Mngedhani hadithi imeishia hapo. Kabla wino wa kikao haujakauka, mafundi waliingia katika chumba cha mwisho. Kuta zikapakwa kijani laini. Meza ya Majigambo ikatolewa nje, Mzee Mkavu akasimamishwa stoo akiwa amevalishwa koti la msafishaji. Mlangoni pakabandikwa kibao: Kituo cha Ustawi wa Mwili. Ndani yake, katika chumba kilekile ambamo kwa miaka mingi watu walifundishwa kuhoji vitu hivi, sasa chuo chenyewe kinapiga hijama na kukanda kwa mafuta ya manukato, muziki wa maji ukichuruzika kwenye spika, na bango ukutani linaahidi kuondoa sumu mwilini. Sumu gani? Hakuna aliyeuliza, kwa sababu aliyekuwa akifundisha watu kuuliza ameondolewa mle ndani. Basi kufundisha mwanafunzi aihoji tiba hiyo ni uganga, ila kuiuza ni ustawi. Naomba mtu mmoja katika ukumbi huu anieleze hilo bila kutazama viatu vyake.

Mama Kwingine hakupiga kelele, na hiyo ilinitia uchungu zaidi, maana mimi namjua akiwa anapiga kelele. Alikwenda stoo akamvua Mzee Mkavu lile koti, akampangusa vumbi, akarudi kumalizia darasa lake la mwisho kwenye korido, wanafunzi wamekaa sakafuni, wagonjwa wakiwaruka kwa magongo yao.

Mwezi uliopita alikuja kliniki ya wodini kwangu mgonjwa ambaye jina na cheo chake sivitaji. Yeye mwenyewe ameniruhusu kusimulia, na ameruhusu pia niseme kwamba ni mjumbe wa kamati ile na kwamba aliinua mkono somo lifutwe. Alikuwa na maumivu ya bega na mgongo wa juu. Alitaka joto na kukandwa, arudi ofisini haraka. Alipokelewa na msichana wa mwaka wa mwisho, mmoja wa wale waliosomea sakafuni. Joto lilikuwa tayari, na mjumbe alikuwa ameshageukia kitanda, bado amevaa shati.

Msichana akauliza, "Na kwingine umekwenda wapi, baba?"

Akajibu hajaenda popote. Nilikuwa upande wa pili wa pazia, na niliijua ile sauti, ni sauti ya mshonaji. Ni sauti ya mtu anayeogopa kuchekwa. Msichana hakubishana naye. Alifanya kama alivyofundishwa: akavuta kiti, akakaa chini ya usawa wa macho ya mgonjwa, akaweka mikono yake mapajani, akamwambia, "Wengi wetu tunaenda, baba. Hata kwetu nyumbani tunaenda. Mimi nataka tu nisikuumize." Kisha mjumbe akavua shati.

Mgongo ulikuwa na duara za vikombe vya hijama, na hizo zingekuwa jambo la kawaida. Lakini zilikuwa zimesambaa, zambarau imeshuka hadi mbavuni, na chini ya bega palikuwa na uvimbe laini. Alikuwa amepigwa vikombe siku chache kabla, hapahapa chuoni, katika chumba cha kijani. Anatumia dawa ya moyo inayozuia damu kuganda. Mle ndani walimwuliza anapenda mafuta yenye harufu gani. Dawa hawakumwuliza. Damu ilikuwa ikivuja polepole chini ya ngozi, naye amekuwa akiona kizunguzungu tangu jana yake, akidhani ni uchovu. Msichana alizima joto, hakumgusa, akamwita daktari na kiti cha magurudumu. Alilazwa. Daktari aliniambia baadaye kwamba joto na mkando juu ya hali ile vingeweza kutupa msiba.

Amepona, na nafurahi kwa dhati. Alinishika mkono siku ya kutoka akaniambia, "Yule binti hakunicheka." Nikamwambia ndivyo alivyofundishwa. Akaitikia kwa kichwa, macho yamejaa machozi. Halafu kamati ikakutana tena, yeye akiwemo, ajenda zikapita kuanzia maegesho ya magari hadi rangi ya sare, na suala la somo halikuguswa na yeyote. Chumba cha kijani kiko wazi leo hii. Nilipita asubuhi nikipeleka kurasa hizi kwa mpiga chapa, muziki wa maji ulikuwa unachuruzika.

Mjumbe huyo yumo ukumbini. Sitamnyooshea kidole. Ila muda wa makofi utakapofika, naomba asimame wa kwanza, na akishasimama asikae bila kusema kitu.

Nimeambiwa chuo kimemwandalia Mama Kwingine zawadi ya saa ya ukutani. Ni nzuri, nimeiona. Mama wa watu anajua saa ni ngapi. Zawadi aliyoistahili ilikuwa chumba kile kirudi kuwa darasa na meza yake irudishwe katikati. Hadi hapo itakapokuwa hivyo, wanafunzi wote wapokee tangazo hili kutoka kwangu: kamati imefuta somo, lakini mtihani wa vitendo wodini ni wangu. Atakayemgusa mgonjwa kabla ya kuuliza atapata sifuri, na atakayetaka kujifunza namna ya kuuliza anikute Alhamisi baada ya kazi, stoo, kando ya Mzee Mkavu. Tutakaa juu ya maboksi.

Mama Kwingine, mwenzangu, dada yangu wa kazi. Asante kwa wagonjwa uliowakalisha na kuwasikiliza wakati sisi tulikuwa tunatazama saa. Asante kwa kunipigia kelele kila nilipokuwa na haraka. Goti lako la kushoto linakusumbua, na usibishe, sote tunaona unavyozishuka ngazi. Siku moja utalala kwenye kimoja cha vitanda hivi ulivyovipanga mwenyewe, mjukuu wako atakuwa ameshakupaka kitu asichokijua vizuri, na pazia litafunguliwa na kijana wa chuo hiki mwenye koti jeupe na taa ya joto mkononi. Nikimfikiria kijana huyo ndipo hasira yangu inapogeuka kuwa hofu.

Tunakutakia usingizi mrefu, chai inayonywewa ikiwa bado ya moto, na wajukuu wasiokupa amani. Na kila mkono utakaokugusa uzeeni uwe umeuliza kwanza. Usipouliza, uuondoe gotini pako, uupe sifuri, kisha unipigie simu.